Siliaki kwa Mtoto mwenye Kisukari: Chakula cha Nyumbani na Meza ya Bwana

Katika maandalizi ya Komunyo ya Kwanza tunakutana na watoto wanaoishi na kisukari aina ya kwanza. Baadhi yao hubeba ugonjwa wa pili usioonekana kwa urahisi, nao ni siliaki. Katika ugonjwa huu, gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano na shayiri, huchochea kinga ya mwili kuuharibu utumbo mwembamba, hata chakula kisifyonzwe ipasavyo.

Magonjwa haya mawili yana undugu. Katika kisukari hiki kinga ya mwili hushambulia kongosho. Katika siliaki hushambulia utumbo. Tena yote mawili yanahusiana na baadhi ya vinasaba vilevile. Ndiyo maana siliaki huonekana zaidi kwa watoto hawa kuliko kwa wenzao. Mtoto aweza kujaa tumbo, kuharisha, kupungukiwa damu au kudumaa. Mwingine haonyeshi dalili yoyote. Pengine sukari hushuka ingawa insulini imedungwa kama ilivyoagizwa. Basi tusiwe wepesi kumshutumu mtoto kwamba amekaidi, wala mama kwamba ni mzembe.

Wataalamu hushauri kipimo cha damu mara kisukari kinapogundulika, kisha kirudiwe katika miaka inayofuata. Mzazi asimwachishe mtoto ngano kabla ya kupimwa, kwani majibu yaweza kupotosha. Ugonjwa ukithibitishwa, tiba ni kuacha gluteni maisha yote, huku daktari akiangalia upya kiasi cha insulini. Ugali wa mahindi, wali, ndizi, mihogo na maharage havina gluteni kwa asili yake. Chapati, maandazi, mkate na uji wa lishe uliochanganywa ngano viepukwe.

Je, Hostia ya ngano? Mwaka 2003 Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa, chini ya Kardinali Joseph Ratzinger, lilifundisha kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa si halali kwa Ekaristi. Yenye gluteni kidogo, lakini ya kutosha kuufanya mkate, inakubalika. Mwamini asiyeweza kupokea hata hiyo aweza kupokea Komunyo katika umbo la divai peke yake. Hapungukiwi kitu, kwa kuwa Kristo yu mzima katika kila umbo.

Kwa hiyo, wazazi, mwelezeni paroko mapema, mkiwa na ushauri wa daktari. Nasi mapadre tumwandalie mtoto kikombe chake, kisichotiwa kipande cha Hostia wala kunywewa na waliokwisha kuila. Ni kazi ya dakika moja sakristia. Tusipoifanya, mtoto atabaki kwenye benchi akiwatazama wenzake wakienda altareni, naye amealikwa sawa na wao.