Kutoa Beringi katika Bloki ya Alumini

Katika vyumba vyetu vya Batha hapa Riyadh, kama ilivyo kwa wenzetu wa Jeddah, si ajabu kukuta jenereta ndogo ya petroli imefunguliwa juu ya magazeti, ikitengenezwa kabla ya kupelekwa nyumbani. Mara nyingi kilichokufa ni beringi ya krenki, kitu cha bei ndogo. Lakini kijana mmoja jirani yetu aliitoa yake kwa nyundo na bisibisi, akapasua ukuta wa tundu lake. Bloki ikishapasuka hapo, jenereta ni chuma chakavu.

Beringi hiyo ni ya feleji, nayo imeshindiliwa katika tundu la alumini lililo dogo kuliko yenyewe kwa sehemu chache tu za mia za milimita. Hapa ndipo lile jaribio la shuleni la tufe na pete linapotufaa. Pete ikipashwa moto, tundu lake hupanuka. Halisinyai, kama wanafunzi wangu wengi walivyoshikilia mwaka hadi mwaka. Tena alumini hutanuka karibu mara mbili ya feleji. Chukua beringi 6205, ambayo kipenyo chake cha nje ni milimita 52. Joto likipanda kwa nyuzi 100 za sentigredi, tundu hukua kwa milimita 0.12 hivi, na beringi kwa 0.06 tu. Tofauti hiyo kwa kawaida yatosha kuilegeza.

Basi ondoa kwanza sili za mpira na pete za kuzuia beringi, kama zipo. Osha bloki kwa sabuni na maji, uianike nje mpaka ikauke kabisa. Hili nalisisitiza: mvuke wa petroli ndani ya oveni hulipuka, na vyumba vyetu vina dirisha moja na watoto wengi. Oveni iwe ya umeme, tena isiyopikiwa chakula. Nyuzi 120 hadi 150 zatosha. Moto wa gesi uuepuke. Hupasha upande mmoja, na alumini huyeyuka karibu na nyuzi 660 pasipo kuwa nyekundu kwanza, hivyo jicho halipati onyo.

Vaa glavu nene zilizo kavu, uipindue bloki na kuigonga juu ya ubao. Mara nyingi beringi hudondoka yenyewe. Ikiwa nyuma yake pamezibwa, tumia pula ya ndani bloki ingali moto. Ikigoma, irudishe katika oveni.

Beringi mpya ilaze katika friza usiku kucha, ndani ya mfuko wa plastiki, kisha uitumbukize katika bloki iliyopashwa upya. Ikihitaji kusukumwa, sukuma pete ya nje pekee. Pigo la pete ya ndani hupitia kwenye gololi na kutia vishimo katika njia yake, na injini itanguruma tangu siku ya kwanza.

Ile ya zamani usiitupe kabla ya kunakili namba. Kuanzia 04, tarakimu mbili za mwisho zikizidishwa kwa 5 hutoa kipenyo cha ndani: 6205 ni milimita 25. Nakili na alama zinazofuata, kama C3. Ukimwonyesha mwenye duka karatasi hiyo, hatahitaji Kiarabu chako.