Usaili wa mchambuzi wa takwimu: Jiandae kueleza, si kukariri

KAZI ya mchambuzi wa takwimu huwaniwa na wahitimu wengi wa vyuo vikuu. Hata hivyo, baadhi ya wanaoitwa kwenye usaili humaliza siku zao za maandalizi wakikariri fasili za vitabuni, kisha hukwama pale jopo linapowataka waeleze maana ya namba moja tu.

Mji wa Ifakara, mkoani Morogoro, unatoa mfano mzuri wa kujifunzia. Ndiko ilikoanzia Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo chimbuko lake ni maabara iliyoanzishwa miaka ya 1950 na mwanasayansi wa Uswisi, Rudolf Geigy. Mwaka 1996 watafiti walianza kufuatilia kaya za vijiji vya Bonde la Kilombero, wakiandika wanaozaliwa, wanaofariki na wanaohama. Aina nne za maswali ya usaili zinaeleweka vyema kwa kulitazama bonde hilo.

Aina ya kwanza ni maswali ya msingi. Tuseme kaya tano za wakulima wa mpunga zimevuna magunia 6, 7, 8, 9 na 70. Wastani wake ni magunia 20, ilhali kaya nne kati ya hizo hazikufikisha hata 10. Namba iliyo katikati, yaani 8, inaeleza hali ya wengi kwa ukweli zaidi. Anayejibu kwa mfano wa namna hii huonyesha kwamba anaelewa, wakati anayetaja kanuni pekee huliacha jopo na shaka.

Aina ya pili inahusu takwimu zilizokosekana. Mdadisi amefika kijijini na kukuta nyumba kadhaa zimefungwa. Je, uziondoe kwenye hesabu? Kabla ya kujibu, jiulize ni akina nani hao wasiopatikana. Katika Bonde la Kilombero, familia nyingi huhamia mashambani kwa miezi kadhaa msimu wa kilimo, mbali na zahanati. Ukiziondoa, unaweza kutangaza kwamba afya ya watoto ni nzuri kwa sababu tu waliokuwa hatarini hawakuhesabiwa. Jibu linalofaa ni kueleza utakavyochunguza tofauti kati ya waliopatikana na wasiopatikana, na utakavyoitaja kasoro hiyo katika ripoti.

Aina ya tatu, ambayo huwaangusha wengi, inahusu chanzo na matokeo. Kuanzia mwaka 1997, mradi wa KINET uliuza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 katika jarida la Lancet ulionyesha kuwa vyandarua hivyo vilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne.

Msaili anaweza kuuliza: una hakika gani kuwa ni chandarua? Huenda walionunua walikuwa na kipato kikubwa zaidi, au waliishi karibu na hospitali. Mchambuzi mzuri hulinganisha watoto wanaofanana kwa mambo hayo kabla ya kutoa hitimisho. Vilevile hutaja upana wa makadirio, ambao katika utafiti huo ulikuwa kati ya asilimia 3 na 45. Kutaja 27 pekee ni kumficha mwamuzi jambo analohitaji kulijua.

Aina ya nne ni kueleza matokeo kwa asiye mtaalamu. Unaweza kuambiwa umfafanulie diwani kwa dakika mbili. Anza na jibu, fuatisha ushahidi, malizia na kisicho na uhakika. Fanya mazoezi kwa sauti mbele ya mtu asiyesoma takwimu. Akishindwa kurudia ulichosema, maelezo yako bado hayajanyooka.

Jiandae pia kwa jaribio la kompyuta. Ukipewa faili lenye makosa, kama vile mtoto mwenye umri wa miaka 200, usifute kimya kimya. Hifadhi nakala ya awali, andika kila ulichobadilisha na utoe sababu.

Kwa ajira za serikali zinazosimamiwa na Sekretarieti ya Ajira, usaili huweza kuwa na hatua za mchujo wa maandishi, vitendo na mahojiano. Soma tangazo la kuitwa kwa makini, na ufike mapema ukiwa na vyeti halisi na kitambulisho.

Mwisho, ukiulizwa usilolijua, kiri, kisha eleza utakavyolitafuta jibu. Takwimu za afya huamua dawa zipelekwe wapi na zahanati ijengwe kijiji gani. Mtu anayebuni jibu mbele ya jopo analipa sababu ya kuhofu kwamba atabuni pia kwenye ripoti, na gharama yake italipwa na mgonjwa ambaye hakuwamo hata kwenye chumba cha usaili.