KWA NINI MTOTO ALIYEDHOOFIKA SANA HAPEWI VIDONGE VYA KUONGEZA DAMU SIKU ZA KWANZA?



Mtoto mwenye utapiamlo mkali akilazwa, hupewa maziwa ya tiba na dawa za kuua vijidudu. Lakini hata akiwa amepauka, hapewi vidonge vya kuongeza damu siku hizo za kwanza. Mzazi anaweza kudhani mtoto wake amesahauliwa. Hakusahauliwa. Sababu ni hii.

Chuma kinagombaniwa

Mwili hutengeneza damu kwa kutumia madini ya chuma. Lakini si sisi tu tunaoyahitaji. Karibu bakteria wote wanaoleta maradhi hawawezi kukua wala kuzaana bila chuma.

Kwa hiyo mwili hauachi chuma ovyo. Ndani ya damu hubebwa na protini iitwayo transferini, ambayo hukishika barabara. Katika maziwa ya mama kuna protini nyingine, laktoferini, nayo hukishika vivyo hivyo. Mtu akipata maambukizo, mwili hupunguza chuma kilichomo katika damu na kukificha kwenye ini na sehemu nyingine.

Bakteria hukiibaje?

Bakteria amezungukwa na utando. Chuma hakipenyi humo chenyewe, bali hupita katika milango maalumu. Chukua mfano wa bakteria aitwaye E. koli. Huyu huishi tumboni, na baadhi ya aina zake huleta kuhara au maambukizo ya mkojo. Chuma kikiwa haba, hutoa nje kitu kiitwacho enterobaktini. Kitu hiki ni kama ndoana: hunasa chuma kwa nguvu, hata kile kilichoshikwa na transferini. Ndoana hurudi na chuma chake hadi kwenye mlango unaoitambua. Bakteria hutumia nguvu zake kuufungua mlango, na chuma huingizwa ndani. Hapo bakteria huongezeka.

Hatari kwa mtoto aliyedhoofika

Mtoto huyu ana transferini kidogo. Pia mara nyingi ana maambukizo, hata kama mwili wake hauna joto. Akipewa chuma mapema, kile kinachokosa wa kukibeba huwanufaisha bakteria kabla hakijamfaa mtoto.

Hata kwa watoto wasiolazwa, chuma kinahitaji uangalifu. Mwaka 2006 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika kisiwani Pemba, penye malaria nyingi wakati huo. Watoto wadogo waliopewa chuma pamoja na asidi ya foliki walilazwa hospitali au kufariki zaidi kwa asilimia 12 kuliko wasiopewa. Lakini katika kundi dogo lililopimwa na kutibiwa malaria mapema, watoto waliopungukiwa chuma na damu walinufaika. Maana yake, chuma si kibaya. Kinatakiwa kitolewe kwa wakati wake.

Mambo ya kufanya

1. Usimpe mtoto aliyelazwa vidonge vya damu kwa siri, viwe vya dukani au vya mama mjamzito. Vidonge vya mtu mzima vikizidi ni sumu kwa mtoto, na vinaweza kumuua.

2. Endelea kumnyonyesha.

3. Mtoto akipata hamu ya kula na kuanza kuongezeka uzito, atapata chuma. Chakula cha tiba cha karanga kilicho katika pakiti tayari kina chuma ndani yake, hivyo usiongeze vidonge.

4. Mtoto akiwa na homa, mpeleke zahanati apimwe malaria siku hiyo hiyo.

5. Mama mjamzito aendelee kumeza vidonge vyake vya chuma kama alivyoelekezwa kliniki. Makala hii haimkatazi.

6. Weka vidonge vyote mahali ambapo watoto hawafiki.

Mtoto akionekana amepauka sana au anahema kwa shida, usingoje zamu yako. Mwite muuguzi mara moja. Huenda akahitaji kuongezewa damu, na hilo vidonge haviwezi kulifanya.