Konea Imetibiwa, Maisha Je? Keratokonasi Baada ya Upasuaji

Ubao wa herufi wa kliniki ya macho ni kipimo kizuri, ila hali yake ni ya upole mno. Herufi ni nyeusi ti, ubao ni mweupe pe, mwanga unatosha na hakuna anayekusukuma. Sasa toka hapo uende Mtaa wa Kongo, Kariakoo, saa kumi na mbili jioni. Taa za bodaboda zinakumulika, mkokoteni unapita na mzigo, mteja anakupungia mkono ng'ambo ya barabara na simu inaita. Mtu anaweza kufaulu ule ubao na bado hapa akababaika.

Ndiyo maana kwa ugonjwa wa keratokonasi swali la "upasuaji umefanikiwa?" lina majibu mawili. Daktari anaangalia konea. Mgonjwa anaangalia siku yake. Hebu tuyatenganishe.

Kioo kinachotuna

Konea ni kile kioo angavu kilicho mbele kabisa ya jicho. Unene wake katikati ni kama nusu milimita tu, lakini karibu theluthi mbili ya kazi ya kupinda mwanga ili picha itue vizuri ndani ya jicho inafanyika hapo. Uimara wake unatokana na nyuzinyuzi za kolajeni, protini ileile inayoipa ngozi nguvu.

Kwenye keratokonasi, konea inakonda na kulegea, halafu inatuna mbele kama koni. Ukitaka kujua mgonjwa anaona nini, chukua chupa ya soda ya glasi uangalie taa ya barabarani kupitia kitako chake. Taa moja inakuwa na mikia na vivuli. Miwani ya kawaida inasahihisha kioo kilichopinda kwa mpangilio. Kioo kilichopinda ovyo kinaishinda. Ndiyo sababu mgonjwa hubadilisha miwani mara kwa mara bila nafuu ya kudumu.

Ugonjwa huu kwa kawaida huanza kwenye umri wa kubalehe au miaka ya ishirini, hushika macho yote mawili, moja likiwa baya zaidi, na mara nyingi hupunguza kasi mtu akifikia miaka ya thelathini au arobaini. Kufikicha macho kunahusishwa nao kwa karibu. Kwetu hilo ni jambo zito, maana mzio wa macho ni wa kawaida kwa watoto: macho yanawasha, yanakuwa mekundu, mtoto anafikicha kutwa na watu wanasema "ni vumbi tu".

Tiba mbili, kazi mbili

Hapa ndipo watu wengi wanachanganya, na kuchanganya huko kunaleta majuto baadaye.

Tiba ya kwanza ni kukaza konea. Ilibuniwa Dresden, Ujerumani, na matokeo yake kwa wagonjwa yalichapishwa mwaka 2003. Kwa njia ya asili, daktari anaondoa ngozi laini ya juu ya konea, anaweka matone ya riboflavini (ndiyo, vitamini B2), kisha anamulika jicho kwa mwanga wa urujuanimno kwa dakika 30. Mwanga na vitamini vinafanya nyuzi za kolajeni zishikane zaidi, kama mkeka uliolegea unapokazwa upya.

Zingatia hili: lengo lake ni kuuzuia ugonjwa usiendelee. Haikurudishii macho ya zamani. Siku chache za mwanzo jicho linauma, na ukungu unaweza kukaa wiki kadhaa au hata miezi. Kijana aliyeambiwa "utafanyiwa operesheni ya macho" akategemea kutupa miwani ataona ametapeliwa, wakati tiba imefanya kazi yake sawasawa.

Tiba ya pili ni kupandikiza konea, kwa ugonjwa uliofika mbali au konea yenye kovu. Daktari anakata sehemu ya katikati na kushona ya mtu aliyefariki, kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Siku hizi panapowezekana anabadilisha tabaka za mbele tu na kuacha utando wa ndani wa mgonjwa mwenyewe, jambo linalopunguza hatari ya mwili kukataa konea mpya. Tatizo ni upatikanaji: utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba duniani kuna konea 1 tu kwa kila watu 70 wanaoihitaji.

Maisha yanapimwaje?

Watafiti hutumia dodoso. Badala ya herufi wanauliza: unapata shida kutambua sura za watu? Unashindwa kufanya kazi muda mrefu? Unategemea wengine? Una wasiwasi?

Nchini Marekani, utafiti uliofuatilia zaidi ya wagonjwa 1,000 wa keratokonasi ulitoa jibu lililoshangaza wengi mwaka 2004. Majibu yao yalikaribiana na ya wazee wenye ugonjwa mkubwa wa kuharibika kwa sehemu ya katikati ya retina. Tofauti ni kwamba hawa wa keratokonasi ni vijana. Wanasoma, wanatafuta kazi, wanalea, na watabeba tatizo hilo kwa miaka mingi.

Dodoso lenyewe linauliza pia habari za kuendesha gari. Kwa Kariakoo, mimi ningeongeza mengine: kuvuka Msimbazi bila kushikwa mkono, kusoma ujumbe wa muamala kabla mteja hajaondoka, kutofautisha noti haraka, kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani. Kwa fundi simu wa Mtaa wa Aggrey, skrubu moja isiyoonekana ni pesa iliyopotea.

Mwaka wa kwanza ni mrefu

Tumchukulie fundi huyo kapandikizwa konea. Kuona kwake hakutulii siku bandeji inapotoka. Kutapanda na kushuka kwa miezi, na nyuzi za mwisho huenda zikatolewa baada ya mwaka au zaidi. Baada ya hapo wengi bado wanahitaji miwani, au lenzi ngumu za kuvaa juu ya jicho. Lenzi hizo husaidia sana, lakini zinadai mikono safi na dawa yake maalumu. Maji ya bomba au ya ndoo hayafai kabisa, yanaweza kuleta maambukizi mabaya.

Katika nchi zenye rejista za upandikizaji, zaidi ya konea 9 kati ya 10 zilizopandikizwa kwa sababu ya keratokonasi bado zinafanya kazi baada ya miaka 5. Habari njema hiyo. Ila nyuma ya takwimu hiyo kuna matone kila siku, kliniki nyingi na mtu anayekuja haraka dalili zikianza. Kwa anayelipwa kwa siku, kila kliniki ni nauli pamoja na mauzo ya siku nzima. Kubeba magunia mapema, au kugongwa kiwiko usoni kwenye msongamano, kunaweza kufungua mshono.

Halafu kuna matone yenye steroidi. Ukiyaacha mapema, mwili unaweza kuikataa konea. Ukiyaendeleza kienyeji kwa kununua dukani, presha ya jicho inaweza kupanda kimyakimya, na mtoto wa jicho akajitokeza. Yote mawili yanaiba uoni ambao upasuaji ulirudisha.

Kabla ya kusaini fomu

Uliza haya, bila aibu:

- Hii ni ya kuzuia ugonjwa au ya kunifanya nione vizuri zaidi?
- Nitakaa muda gani bila kufanya kazi yangu? Itaje kazi yenyewe, usiseme "biashara" tu.
- Gharama ya matone, kliniki, na miwani au lenzi za baadaye ni kiasi gani?
- Jicho la pili lina mpango gani?
- Usiku au wikiendi jicho likibadilika, naenda wapi?

Hilo la mwisho ni la kukariri. Jicho lenye konea mpya likiwa jekundu, likiuma, likichukia mwanga au likiona ukungu ghafla, hiyo ni dharura hata kama ni miaka mitano baadaye. Mwili ukianza kuikataa konea, matibabu ya mapema mara nyingi huiokoa.

Na kama una mdogo wako anayefikicha macho na kubadilisha miwani kila mara, usisubiri afike huko. Kutoka Kariakoo hadi Muhimbili, Upanga, si mbali, na CCBRT wapo Msasani. Waambie unataka konea yake ichunguzwe umbo na unene. Ugonjwa ukikutwa mapema, huenda akahitaji kukazwa tu, na yale ya mshono na mwaka mrefu yasimfikie.