Mlinzi aliye ndani ya muhogo

Mkulima wa Muleba anaweza kulitazama shamba lake la muhogo mwaka mzima akaridhika. Majani ni mabichi, mashina yamesimama. Siku ya kuvuna anapasua muhogo wa kwanza na kukuta madoa ya kahawia, makavu na magumu. Anapasua wa pili, ni yale yale. Muhogo huo haupikiki, haufai kwa makopa, na mnunuzi wa Bukoba mjini haugusi.

Huo ndio ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Mtaalamu H. H. Storey aliueleza mwaka 1936 akiwa Amani, Tanga. Kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa balaa la pwani. Ulipoibuka upya Uganda mwaka 2004, ukaenea kandokando ya Ziwa Victoria, nasi Kagera hatukusalimika. Unaletwa na virusi, na juma hili tuone jinsi mmea wenyewe unavyopigana navyo.

Karibu kila seli ya kiumbe hai ina DNA. Tuseme hicho ni kitabu kikuu cha maagizo, kisichotoka ofisini. Agizo likihitajika, hunakiliwa kwenye karatasi ndogo iitwayo RNA, ikapelekwa kazini. Kwa kawaida RNA hiyo ni uzi mmoja. Virusi vya michirizi, kwa upande wao, hubeba RNA badala ya DNA. Ni kama barua ya kughushi inayoingia ofisini ikiamuru wafanyakazi watengeneze virusi zaidi. Lakini ili kuzaliana lazima barua hiyo inakiliwe, na wakati huo nyuzi mbili hushikamana. Hapo ndipo virusi vinapojifichua.

Kwa seli, RNA ndefu ya nyuzi mbili ni kengele ya hatari. Kimeng'enya kilicho kama mkasi huikata vipande vidogo, vingi vikiwa na herufi 21 hadi 24. Kila kipande hukabidhiwa mlinzi, kama sungusungu anavyopewa picha ya mwizi. Mlinzi hupita akilinganisha, na barua yoyote inayooana na kipande chake huikata. Amri haifiki kazini. Wataalamu husema jeni imenyamazishwa.

Wamarekani Andrew Fire na Craig Mello walilithibitisha jambo hili mwaka 1998 kwa kutumia minyoo midogo. RNA ya uzi mmoja haikufua dafu. Ya nyuzi mbili ilinyamazisha jeni barabara. Mwaka 2006 walipewa Tuzo ya Nobel.

Basi kwa nini muhogo wetu unaugua? Ni kwa sababu mwizi naye ana mbinu zake. Mwaka 2009 mtafiti Mtanzania, Deusdedith Mbanzibwa, na wenzake walichapisha herufi zote 9,069 za kirusi kilichotoka Muleba. Walikuta kina protini inayomfunga mikono mlinzi. Siri hiyo, msomaji, ilifichuliwa kutokana na muhogo wa hapa hapa kwetu.

Wanasayansi wakafikiri: kwa nini mlinzi asipewe picha kabla mwizi hajafika? Taasisi za utafiti wa kilimo za Uganda na Kenya, pamoja na kituo cha Danforth cha Marekani, zilitengeneza muhogo unaojitolea wenyewe RNA ya nyuzi mbili yenye herufi za virusi hivyo. Juni 2021 mamlaka ya Kenya iliuidhinisha. Mwaka huo huo serikali ya Tanzania ilitangaza kusitisha majaribio ya mazao yaliyobadilishwa jeni. Mjadala huo ni mpana, lakini anayeuingia ajue kwanza kinachojadiliwa. Ajue pia kwamba muhogo huo ulilenga michirizi tu. Haukutengenezwa kwa ajili ya batobato, wala mnyauko wa migomba, ambao huletwa na bakteria.

Sisi tufanye nini? Inzi weupe hueneza virusi hivi kwa masafa mafupi. Wanaovisafirisha mbali ni sisi wenyewe, tunapobeba vipando kwenye baiskeli na malori. Omba ushauri kwa bwana shamba au kituo cha utafiti cha Maruku juu ya mbegu safi. Ukilazimika kutumia ya shambani kwako, chunguza majani, kisha ng'oa na upasue mihogo ya shina hilo kabla ya kukata kipando. Na jirani akikuomba mbegu, usimpe ya shina ambalo hukulipasulia muhogo.