Usaili na Swali la Watoto

Huenda wewe au binti yako amesomea uhasibu na anatamani kazi katika kampuni kubwa za ukaguzi wa hesabu: Deloitte, PwC, KPMG au EY. Zote zina ofisi Dar es Salaam, na kwa aliyeko Tongoni ni kwanza gari la Tanga mjini, kisha basi la saa nyingi.

Usaili wenyewe hauishi siku moja. Kwa kawaida huanza mtihani wa hesabu wa muda mfupi. Hufuata mazungumzo ya kikundi, ambapo anayewanyamazisha wenzake hujiponza sawasawa na aliyekaa kimya. Mwisho ni kuketi mbele ya wakubwa. Hapo uaminifu huulizwa sana, na si bure: mwaka 2002 Arthur Andersen ya Marekani ilianguka kwa sababu ya hesabu za Enron.

Swali linalotisha akina mama ni lile la watoto. Kazi hii ina safari na usiku mrefu, basi kuulizwa kama utaweza kusafiri ni haki. Kunyimwa kazi kwa sababu ya ujauzito, ndoa au majukumu ya familia ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inalikataza, na inamlinda hata anayeomba kazi.

Lakini nani atabaki na watoto? Hilo mlizungumze na baba yao kabla hujakata tiketi.