MTOTO MWENYE PUMU: USINGOJE KUCHE



Mara nyingi inaanza usiku. Mtoto anakohoa, kifua kinapiga filimbi, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Mama anasema: « Ni baridi tu. » Baba anasema: « Tungoje kuche, tutaenda dispanseri. » Wazazi, pumu inaweza kumwua mtoto kabla ya kucha. Soma ukurasa huu, kisha umsomee na jirani.

PUMU NI NINI?

Pumzi inapita kifuani katika mirija midogo. Kwa mtoto mwenye pumu, mirija hiyo inakasirika upesi. Ikikutana na adui wake, inavimba ndani, misuli yake inakaza, makohozi yanaijaza. Njia ya hewa inabaki nyembamba.

Pumu si bulozi, wala haiambukizi. Mtoto anaweza kula na kulala pamoja na ndugu zake bila hofu. Mara nyingi inafuata jamaa: wenye pumu, wenye kupiga chafya ovyo, wenye ngozi ya kuwasha.

MAADUI WAKE

Wazee wa Lubumbashi wanakumbuka moshi wa kiwanda kilichoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Gesi ya salfa iliyomo katika moshi wa namna ile inakaza kifua cha mwenye pumu kwa dakika chache. Tanuru zile zilizimika, lakini maadui wengine wako nyumbani mwetu:

1. Moshi wa mbabula. Pikia nje. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikizidi, usiingize mbabula ya makala chumbani: mwenye pumu atabanwa, na hata wazima wanaweza kufa kwa hewa yake mbaya.

2. Tumbako, na dawa ya mbu ya kuchoma. Tumia chandarua.

3. Vumbi na mende. Nyunyiza maji kabla ya kufagia. Anika matelasi juani, fua mashuka kila juma, funika vyakula.

4. Vumbi la kazi. Mwaka 2009 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba walikuta kobalti nyingi katika mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga, na watoto walizidi wakubwa. Kobalti inajulikana kuleta pumu kwa watumishi wanaoivuta. Basi acha salopeti na viatu kazini. Ikishindikana, vua nje, oga, ndipo umpakate mtoto.

DAWA MBILI, KAZI MBILI

Salbutamoli inafungua mirija upesi. Ni ya saa ya shida. Beklometasoni inatuliza uvimbe polepole. Inavutwa kila siku, hata mtoto akicheza vizuri. Wengi wanaiacha mara kikohozi kikinyamaza, na baada ya majuma machache mtoto anarudi hospitali. Akimaliza kuivuta, asukutue kinywa.

Mtaani wanasema pompi inaua moyo. Hapana. Salbutamoli inaweza kufanya moyo upige mbio na mikono itetemeke kidogo, kisha inapita. Lakini mtoto akiihitaji zaidi ya mara mbili kwa juma, pumu yake haijatulia: mlete kwa muganga.

CHUPA YA PLASTIKI

Mtoto mdogo hawezi kuvuta pompi vizuri peke yake. Mwaka 1999 waganga wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500 inasaidia sawa na chombo cha dukani. Osha chupa. Toboa kitako kwa waya wa moto, tundu liwe sawa na mdomo wa pompi, hewa isitoroke. Mtoto anaweka mdomo wa chupa kinywani. Muuguzi atakuonyesha.

SAA YA SHIDA

Mkalishe wima, usimlaze. Tikisa pompi. Mpe salbutamoli mipulizo 4, mmoja mmoja, na kila mmoja avute pumzi mara 5 au 6 ndani ya chupa. Asipopata nafuu, nenda hospitali mara moja. Njiani rudia kila dakika 20.

Midomo ikigeuka rangi ya buluu, akishindwa kusema au kunyonya, au akilegea, usipoteze hata dakika. Kifua kilichokuwa kinapiga filimbi kikinyamaza naye bado anahangaika, hiyo si nafuu: hewa haipiti tena.

Wazazi, leo jioni tazameni pompi iko wapi, kama dawa ingalimo, na nani atawapeleka hospitali usiku. Mambo hayo yapangwe mtoto akiwa mzima.